Watoto wa Shavu Moja

Iko nchi moja, msiniulize upande gani, maana ramani yake inachapwa huu mwaka wa kumi na nane na bado inasubiri saini ya mwisho. Ni nchi nzuri. Mvua ikinyesha, imenyesha kwa mpango. Isiponyesha, imeahirishwa. Na katikati ya mji mkuu wa nchi hiyo limesimama Tanuri la Taifa, linalowaka usiku na mchana, likiyeyusha sufuria kuukuu za wananchi na kuzigeuza mabati membamba ya alumini. Juu ya kila bati huchorwa picha ya Mtukufu Mwasisi akiwa amevaa koti jeusi. Kila nyumba ina picha moja. Nyumba ya vyumba viwili ina mbili. Kwamba watu walikuwa wanapikia nini baada ya hapo, hilo swali halikuwa na idara.

Sikudhani alikuwa karani katika Ofisi ya Kielelezo cha Moto, meza ya tatu kutoka mlangoni. Alikuwa mama wa mtoto mmoja, Tunu, wa mwaka mmoja na miezi minne, mwenye meno sita na maneno manne. Kazi aliipata kwa cheti cha masomo ya jioni, alichokisomea miaka mitatu akiwa na madaftari kwapani na, mwaka wa mwisho, Tunu tumboni. Makarani wenzake walisoma mchana, kwa hiyo hawakumwonea wivu.

Kielelezo chenyewe kilikuwa karatasi kubwa kama shuka ya kitanda cha watu wawili. Tanuri limechorwa hapo na kukatwakatwa vyumba vidogo mia mbili na arobaini. Kwa kila chumba karani aliandika: moto wake mkali kiasi gani, una mvuke wa maji kiasi gani, hewa ya ukaa kiasi gani, na masizi kiasi gani. Kisha akakokotoa joto linaloruka kutoka chumba kimoja kwenda kingine, na kutoka vyumba vyote kwenda nje kupitia mdomo wa tanuri. Maana moto haukuunguzi kwa kukugusa tu. Hurusha joto likakufikia ulipokaa, kama jua linavyokufikia na hujawahi kulishika.

Haya yote yalikwenda vizuri hadi siku alipokuja mgeni wa heshima kutoka nje. Mgeni alitembezwa tanurini, akasifu, akapenga kamasi, akaitazama leso yake nyeupe. Akanyamaza. Kimya chake kilijadiliwa na Baraza zima kwa siku tatu, na siku ya nne likatoka Agizo Namba Saba: *Masizi yamekomeshwa nchini kote kuanzia leo saa sita mchana.*

Saa sita na dakika moja masizi yalikuwa yanatua kama kawaida juu ya nguo zilizoanikwa. Lakini sasa yaliitwa kivuli kilichotua, na kivuli si kosa la mtu.

Kwenye fomu za Kielelezo, safu ya masizi haikuondolewa, kwani kuiondoa kungehitaji agizo jingine. Fomu mpya zilikuja kutoka kiwanda cha uchapaji zikiwa na sifuri mia mbili na arobaini zilizokwisha kuchapwa, ili kumpunguzia karani kazi.

*

Kosa lote lilianzia kwenye sifuri zile, ingawa mwanzoni hakuna aliyeliita kosa.

Mkurugenzi wa Ofisi, Bwana Tindwa, alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kuogopa hata kalamu yake mwenyewe. Alipoagizwa kujenga kituo cha kulea watoto wa wafanyakazi, aliuliza Kielelezo: watoto wanaweza kukaa umbali gani na mdomo wa tanuri? Kielelezo, chenye masizi sifuri, kikajibu: hatua kumi na mbili. Kituo kikajengwa hatua kumi na mbili barabara, na Bwana Tindwa mwenyewe alizipima kwa miguu yake mifupi. Ukuta unaotazama tanuri ukaachwa dirisha tupu kutoka kona hadi kona, la nondo, bila kioo wala ubao, ili watoto wakue wakiyatazama maendeleo.

Walikuwa watoto arobaini na mmoja. Kwa kuwa mikeka ilitandikwa kwa mstari, na wote walilazwa kichwa upande mmoja kwa ajili ya nidhamu, kila mtoto aliuelekezea moto shavu lile lile. Haukupita mwezi mashavu ya kushoto yakawa mekundu, makavu, yamepasuka kama tope la bwawa lililokauka. Mtaani watu wakaanza kuwatambua. "Huyu wa Kituo," walisema, wakimgeuza mtoto kidogo kuelekea mwangani. "Tazama shavu."

"Mama Tunu," Bi Kidawa, mlezi wa kituo, alimwambia Sikudhani jioni moja akimkabidhi mtoto. "Mafuta ya nazi namaliza chupa kwa siku mbili. Nampaka huyu, nikifika kwa wa mwisho, wa kwanza keshakauka. Wewe ndiye msomi wa moto. Huu moto una nini?"

"Una masizi, Bi Kidawa."

"Shh! Mtoto anasikia."

Sikudhani akambeba Tunu hadi nyumbani, shavu baya likiwa upande wa kifua chake. Alikumbuka mwalimu wao wa jioni, aliyekuja darasani na majiko mawili. La kwanza liliwaka moto wa bluu, safi, nao wakaweza kuketi karibu nalo. La pili lilikuwa bovu, utambi umeharibika, moto wa njano unaotoa moshi, na kwa joto lake wanafunzi wa mstari wa mbele wote wakarudi nyuma na viti vyao. "Gesi safi," mwalimu alisema, "huimba noti mbili tatu tu za joto. Zilizobaki haizijui. Lakini chembe za masizi huimba noti zote kwa pamoja, na ndizo zinazoufanya moto uwe wa njano. Ukikuta hesabu ya moto wa njano haina masizi, mtu huyo amehesabu moto mwingine."

Moto wa Tanuri la Taifa ulikuwa wa njano kama papai.

Akachukua karatasi ya kufungia maandazi, akakokotoa upya akiwa amempakata mtoto, akiweka masizi mahali pake. Jibu lilikuja mara tatu lile lile: hatua thelathini na sita, na ukuta wa matofali katikati.

*

"Mheshimiwa Mkurugenzi," alisema asubuhi, "kituo kiko karibu mno. Nimerudia hesabu nikiweka ma—"

"Bi Sikudhani!" Bwana Tindwa aliinuka akafunga mlango, akafunga na dirisha, halafu akalifunika tundu la ufunguo kwa kidole. "Nina watoto saba. Usinitajie."

"Mimi ninaye mmoja, Mheshimiwa. Yuko pale dirishani."

Bwana Tindwa alimwonea huruma kweli kweli. Machozi yalimlengalenga. "Dada yangu, nakuelewa sana. Lakini wewe fikiria. Nikiandika kituo kihamishwe, wataniuliza kwa nini. Nikisema joto, wataniuliza joto limetoka wapi. Kielelezo kinasema pale pana vuguvugu la uji. Sasa mimi na Kielelezo, nani ana mhuri?"

"Kielelezo."

"Umeona? Hata wewe umesema."

Sikudhani alirudi mezani pake. Alikuwa na moyo wa watu wa masomo ya jioni, ambao wamezoea kufika wakati milango inafungwa na bado wakaomba waingie. Akatazama juu. Pale ukutani Mtukufu Mwasisi alikuwa anamtazama yeye, kutoka kwenye bati lake, na bati lenyewe lilikuwa limelegea msumari mmoja, likaonyesha mgongo wake. Ulikuwa unameremeta kama maji. Aliona uso wake mwenyewe ndani yake.

Bati linalong'aa hurudisha joto. Hilo halikuhitaji hata karatasi ya maandazi.

Maombi mengi katika nchi ile yalichukua miaka. Mtu aliomba maji ya bomba akiwa kijana, wakaja kumfungia wajukuu zake. Lakini ombi la picha za Mtukufu halijawahi kukataliwa wala kucheleweshwa hata siku moja, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kwanza kulikataa. Sikudhani akajaza fomu: picha ishirini na nne, za dirisha zima. Kwenye sababu akaandika: *Mapenzi.* Gari la picha lilifika kabla wino haujakauka.

Yeye na Bi Kidawa walizifunga kwenye nondo kwa waya, moja baada ya nyingine, nyuso zikitazama ndani kwa watoto, migongo ikitazama moto. Walipofunga ya mwisho, chumba kikawa na giza jepesi, kama la chini ya kanga. Watoto arobaini na mmoja wakanyamaza kwa pamoja. Kisha wakalala.

Baada ya wiki moja Bi Kidawa alimpokea Sikudhani mlangoni akicheka. "Mama Tunu! Leo nimemwaga maji sakafuni nipige deki, yakakaa! Mwanzoni yalikuwa yanakauka sijainua ndoo!"

Shavu la Tunu lilikuwa limeanza kulainika. Lilibaki na alama kidogo tu, kama ramani ya kisiwa. Na maneno yake yalikuwa yameongezeka yakawa matano, kwa sababu mahali popote penye picha zaidi ya kumi, sheria iliagiza salamu ya asubuhi. Watoto walisimamishwa mbele ya dirisha, wenye miguu na wasio na miguu bado, wakaitikia pamoja na mlezi: "Shikamoo, Baba!"

"Koo Baba," Tunu alisema, akipunga mkono.

*

Habari za kituo chenye uzalendo wa kupindukia zilimfikia Waziri wa Moto na Mwanga. Akaja mwenyewe, na watu wa ngoma, na wapiga picha. Lakini alikuja kwa njia ya tanurini, na kwa hiyo kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa migongo ishirini na minne.

Ngoma ikakatika.

"Nauliza," alisema Waziri taratibu. "Ni nani huyu anayepewa mgongo?"

Bwana Tindwa alikuwa anaangalia viatu vyake kana kwamba vimeletwa na mtu mwingine.

"Tanuri hili liliwashwa na nani? Si na Mtukufu kwa kiberiti chake mwenyewe? Kiberiti si kipo makumbusho? Leo Mtukufu anaupa mgongo moto wake! Anaususia! Watu wa nje wakipiga picha hii, watasema nini? Watasema kuna mgogoro kati ya Mtukufu na maendeleo!"

"Mheshimiwa Waziri," Sikudhani alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka, "ule mgongo unang'aa, ndiyo unaolirudisha joto. Upande wa mbele una rangi nyeusi, ile ya koti. Nyeusi inalinywa joto. Tukizigeuza—"

"Lirudishwe?" Waziri alimgeukia. "Joto la Taifa lirudishwe? Kwa nani? Umelikopa?"

Watu wa ngoma wakacheka, kwa kuwa ilikuwa zamu yao kucheka.

Picha zikageuzwa mchana ule ule. Sasa Mtukufu akawa anaukodolea macho moto, mara ishirini na nne, na watoto wakabaki na mabati matupu. Waliendelea kumwamkia hivyo hivyo, kwa nyuma, maana sheria haikusema upande.

Siku ya kwanza mabati yakawa ya moto, hayashikiki. Siku ya pili chumba kikarudi kuwa jiko. Siku ya tatu, asubuhi, mlinzi wa zamu alipita dirishani, akatazama juu, akaangusha rungu lake, akakimbia.

Mtukufu Mwasisi alikuwa ameota malengelenge.

Yalianzia kwenye koti. Halafu yakapanda shingoni, yakafika puani, rangi ikavimba ikapasuka, na katika picha ya tisa jicho zima lilikuwa limeteremka hadi kidevuni.

*

Tume ya Kuchunguza Malengelenge iliundwa kabla ya chakula cha mchana. Ilihoji mchoraji, aliyeapa kwamba rangi yake haibabuki mpaka ipigwe na moto mkali. Ilihoji mlinzi, aliyekuwa bado anakimbia. Mjumbe mmoja alipendekeza kwamba ni uchawi, mwingine kwamba ni chuki ya maadui, na hoja ya uchawi ilikuwa inaelekea kushinda kwa kura moja, mpaka mwenyekiti, mzee mkavu mwenye miwani ya kamba, aliposema: "Tukisema uchawi, tutaulizwa umepitaje ulinzini. Mwiteni yule mwanamke wa hesabu."

Sikudhani aliingia. Mlango ukafungwa, na zamu hii hata tundu la ufunguo lilikuwa na mlinzi wake.

"Bi Sikudhani," alisema mwenyekiti. "Tuseme. Kwa mfano tu. Tuseme ndani ya moto pangekuwa na kitu."

"Masizi?"

Wajumbe wote waliziba masikio.

"Kitu," mwenyekiti alirudia. "Kitu fulani kinachorusha joto kuliko gesi tupu. Wewe ungekokotoaje?"

Sikudhani akatoa karatasi ya maandazi, iliyokunjwa mara nane, aliyokuwa akitembea nayo ndani ya sidiria tangu siku ile. Akawaeleza chumba kwa chumba. Akawaeleza majiko mawili ya mwalimu. Wazee wale walisikiliza wakiwa wameinama kama watoto wanaosimuliwa hadithi, na mmoja wao alisema kwa kunong'ona, "Kumbe ndiyo maana koroboi la mama lilikuwa linanichoma uso."

"Kwa hiyo salama ni wapi?" aliuliza mwenyekiti.

"Hatua thelathini na sita, baba. Na ukuta wa matofali katikati."

Mwenyekiti aliandika: *Kitu: kipo. Hatua: 36. Ukuta: lazima.* Akapiga mhuri. Sikudhani aliusikia ule mlio, *kwap*, na katika maisha yake yote, ukiondoa kilio cha kwanza cha Tunu, hakuwahi kusikia sauti tamu kama ile.

Ujenzi ulianza siku hiyo hiyo. Nchi ambayo daraja lake moja lilikuwa bado limefika katikati ya mto ilisimamisha nyumba nzima kwa siku tisa: hatua thelathini na sita, kisha wakaongeza nne za heshima, ukuta wa matofali mawili, dari la mbao, madirisha yanayotazama bustani. Kila jioni Sikudhani alipita na Tunu mgongoni, wakasimama kutazama. "Pale utalala wewe," alimwambia. "Kona ile. Mama ameshaipima."

Siku ya kumi, asubuhi, malori yalikuja kituoni. Akina mama walikuwa wameshafika na vifurushi: mikeka imekunjwa, nepi zimefungwa ndani ya kanga, vikombe vya uji vinagongana. Bi Kidawa alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu.

Wanaume waliovaa glavu nyeupe walishuka malorini. Wakafungua waya. Wakateremsha picha moja moja, wakazifunika magodoro, wakazipakia kwa upole ambao Sikudhani alitamani angewahi kufanyiwa siku aliyojifungua. Picha ya ishirini na nne ilipopanda, wakafunga bodi la lori.

"Na watoto?" mtu aliuliza. "Hilo jingine ndilo la watoto?"

Lori jingine lilikuwa la magodoro ya akiba.

Sikudhani alimkuta Bwana Tindwa nyuma ya gari, anasaini. "Mheshimiwa, nyumba ile... si tuliipimia watoto?"

"Uliipimia picha, dada yangu. Soma jina la Tume."

"Lakini ni moto ule ule! Ni dirisha lile lile! Hesabu ni moja!"

"Hesabu sasa ni siri ya serikali," alisema kwa huzuni. "Hata wewe ulipaswa kuwa umeshaisahau. Kile Kitu kimekubaliwa kipo kwa ajili ya picha tu. Kwa matumizi mengine bado ni sifuri." Akaangalia pembeni, akateremsha sauti. "Watoto wana malengelenge?"

"Wana wekundu. Ngozi inapasuka."

"Aah. Wekundu hauna Tume." Akampigapiga begani, kama mtu anayefariji mfiwa. "Yakitoka malengelenge, niandikie. Nitaipeleka mimi mwenyewe. Kwa mkono wangu."

Malori yaliondoka. Akina mama walisimama kidogo na vifurushi vyao, kisha kengele ya kazi ikalia, na mmoja mmoja wakaifungua mikeka, wakaitandika pale pale kwa mstari, kichwa upande mmoja, wakaenda kazini wakigeuka nyuma.

Dirisha lilikuwa wazi kutoka kona hadi kona. Mdomo wa tanuri ulikuwa unachungulia ndani, wa njano, mkubwa, unapumua.

Na kwa kuwa ilikuwa saa ya salamu, na hakuna aliyewaambia kwamba imefutwa, watoto walijisimamisha wenyewe. Waliojua kusimama wakasimama. Waliobaki walikaa. Wakatazama mahali pale ambapo kila asubuhi palikuwa na picha, wakauona moto.

"Shikamoo, Baba!"

"Koo Baba," alisema Tunu, akipunga mkono.

Bwana Tindwa, aliyekuwa akipita nje, alisimama akasikiliza. Akatoa daftari lake, akaandika kwamba watoto wanaendelea vizuri, akaenda zake.

Sikudhani hakwenda kazini. Aliloweka kanga yake kwenye ndoo ya Bi Kidawa, akaingia katikati, baina ya dirisha na mikeka, akaupa moto mgongo. Alinyoosha mikono, akaitanua kanga mpaka ikakaza. Kivuli chake kikaangukia shavu la Tunu, na Tunu akacheka, meno sita yote nje.

Alipiga hesabu, maana hiyo ndiyo kazi aliyosomea. Mama mmoja, mwembamba, mikono imenyooka, kanga imelowa: watoto watano. Sita, wakibanana.

"Sogeeni," aliwaambia. "Sogeeni kwa mama. Banana hapo, mwanangu, banana na mwenzio."

Walikuwa arobaini na mmoja, na kanga ilikuwa imeshaanza kukauka.